Hasira Haina Mvuke

Mwingereza wa karne ya 18 akimfokea mtu, ilisemwa kwamba ametoa ya kwenye wengu, na wasemaji hawakuwa wakitania. Tangu Galen, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2, Ulaya iliamini kwamba mwili una maji manne: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Hii ya mwisho, mama wa majonzi na chuki, ilidhaniwa kukaa kwenye wengu. Mwaka 1733 daktari George Cheyne aliyatungia kitabu kizima maradhi ya namna hiyo, akayaita ugonjwa wa Kiingereza. Kwa kuwa mgonjwa alitibiwa kwa kutolewa damu, kutapishwa na kuharishwa, haishangazi kwamba hata maneno yalihesabiwa kuwa kitu cha kutapikwa. Elimu hiyohiyo, kupitia kwa tabibu Ibn Sina, ilifika kwa matabibu wa pwani yetu, na magazeti yetu nayo hayachoki kuandika kwamba fulani katema nyongo.

Zilipokuja injini za mvuke, na reli ya Liverpool na Manchester ikafunguliwa mwaka 1830, wengu ukaupisha mvuke: mwenye hasira aupunguze asije akapasuka. Mtu atasema haya ni mapambo ya lugha tu, kwani nani leo anayekumbuka wengu? Kiungo kimesahauliwa kweli, lakini agizo la tabibu limebaki: toa, utapona. Nalo lina kasoro. Katika jaribio la mwanasaikolojia Brad Bushman lililochapishwa mwaka 2002, wanafunzi waliochokozwa, kisha wakapiga gunia la ndondi huku wakimfikiria mchokozi, walibaki na hasira zaidi kuliko wenzao waliokaa kimya tu.

Basi tunyamaze? Hapana. Tangu miaka ya 1980 mwanasaikolojia James Pennebaker ameonyesha kwamba kuandika juu ya machungu ya maisha kwa siku chache kunaweza kumpunguzia mtu safari za kwa daktari. Ila mwandishi hamwagi tu. Hupanga lipi lilianza, nani alifanya nini, kwa nini liliuma. Ndiyo maana, katika misemo yote ya Waingereza, naupenda ule wa kuuvaa moyo kwenye mkono wa nguo. Hauna shinikizo wala uchafu wa kutapikwa. Una mtu anayeonyesha na mwingine anayetazama. Tena ni msemo wenye tahadhari: Shakespeare, katika Othello, aliuweka kinywani mwa Iago, mnafiki anayeeleza kwamba yeye hafanyi hivyo, kwa kuwa ndege wataudonoa.