Uzima wa Watu katika Nchi ya Shaba

Mgonjwa akilazwa Kolwezi, mji wa migodi ya shaba nchini Kongo, aghalabu hafiki hospitalini peke yake. Shangazi yupo na sufuria yake na makaa, ndugu wako uani wakichanga fedha za dawa, na mjomba, ambaye pengine hajatia mguu katika chumba cha wagonjwa, ndiye atakayetoa rai kama tiba iendelee hapo, au mgonjwa ahamishiwe Lubumbashi, au aombewe kanisani, au apelekwe kwa mganga wa jadi, au kote huko kwa zamu. Wako wauguzi wanaouona umati huo kuwa ni udhia. Mimi nauona kuwa ni elimu ya afya yenye misingi yake, nayo inastahili kuelezwa kwa heshima.

Walunda na jamaa zao wanaokaa pande zote mbili za mpaka wa Kongo na Zambia wana elimu hiyo tangu kale. Victor Turner, mwanachuoni wa Uingereza aliyeishi Mwinilunga, Zambia, miongoni mwa Wandembu, ambao ni Walunda, baina ya 1950 na 1954, aliandika kwa kirefu habari za ihamba, maradhi yanayonasibishwa na jino la mwindaji aliyekufa, lililopenya katika mwili wa aliye hai na kumtafuna. Mganga humpiga mgonjwa chuku kwa pembe, ngoma zikilia. Kisha ngoma husimamishwa, na akraba na majirani huitwa mmoja mmoja waseme hadharani kinyongo walichokificha, na mgonjwa naye hutakiwa aseme chake, kwa maana jino halitoki mpaka maneno yatoke. Turner, aliyejua vema jinsi jino linavyopatikana mkononi mwa mganga, hata hivyo alishuhudia kijiji kilichokuwa kimegawanyika kikipatana, na mtu aliyekuwa amenyong'onyea akirejea katika shughuli zake.

Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuja na hesabu nyingine. Tangu miaka ya ishirini iliazimia kwamba mfanyakazi akae kambini pamoja na mkewe na watoto wake, ikajenga hospitali na zahanati, ikapima watoto kwa mizani, kwa kuwa mwili wenye siha huchimba zaidi na mtoto wa kambini ni mchimbaji wa kesho. Huduma hiyo iliokoa roho nyingi, na si insafu kuidharau; ila siha iliyopimwa hapo ilikuwa ni ya mtu mmoja mmoja, tena kwa kadiri ya kazi yake.

Ndani ya kambi hizo hizo, mnamo 1953, ilizaliwa harakati ya Kikatoliki iitwayo Jamaa. Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alikuwa amekwisha kutoa mwaka 1945, huko Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu, akidai kwamba kwao kuwapo ni kuwa na nguvu, na kwamba nguvu ya mtu huongezeka au hupungua kwa kadiri ya uhusiano wake na wazee, na wazawa, na jirani. Lakini wachimbaji wa Kolwezi na wake zao ndio walioyapa mawazo hayo nyama na damu. Mume na mke waliingia pamoja, wakaitana baba na mama, wakafundishana kwamba binadamu anatamani mambo matatu, uzima, uzazi na mapendo, wala hakuna moja linalosimama bila ya mengine. Mtu aliyeng'olewa kijijini kwao akatiwa katika nyumba ya kampuni alipata humo watu wa kumjulia hali.

Hata katika visiwa vya Pasifiki, Wamaori wa New Zealand wanalijua jambo hili: tabibu wao Mason Durie, katika miaka ya themanini, aliifananisha afya na nyumba yenye kuta nne, mwili, akili, roho na aila, ambayo ukuta mmoja ukianguka haikaliki.

Hata hivyo Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, alimshutumu Tempels vikali, kwamba nguvu ya Mwafrika inasifiwa huku ardhi yake ikichukuliwa, na shutuma hiyo haijachakaa. Mwaka 2014 madini ya kobalti yaligunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, na wachimbaji ambao huko huitwa creuseurs wakatoboa mashimo uani na hata vyumbani. Mwaka 2018 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walitangaza kwamba damu na mkojo wa wakazi wa Kasulo vilikuwa na kobalti nyingi kupita vya wakazi wa mtaa jirani usiochimbwa, na watoto walizidi wakubwa. Vumbi halikumchagua mchimbaji. Liliingia katika aila nzima. Kwa hiyo daktari anayemtibu mtoto wa Kasulo peke yake, bila ya kuuliza shimo liko wapi, nani analala karibu nalo na nani ananunua kinachotolewa humo, hajamaliza kumpima mgonjwa wake. Na wanunuzi wa kobalti, walio mbali na Kolwezi, nao ni miongoni mwa wanaopaswa kuitwa waseme.