Marubani wa Gereji

Katika vitongoji vya Rotterdam, Manchester, Toronto na Sydney kuna watu ambao gari lao hulala nje hata mvua ikinyesha, kwa sababu gereji ina ndege. Kwa kweli ni pua ya ndege tu, kuanzia vioo vya mbele hadi mlango ulio nyuma ya viti vya marubani, na haitaruka kamwe. Mwenye nyumba ameijenga mwenyewe kwa plaiwudi, alumini, skrini, kompyuta tatu au nne na nyaya zisizohesabika. Usiku, watoto wakishalala, anaketi kiti cha kushoto na kufanya safari ya Amsterdam hadi Malaga kwa muda uleule ambao ndege yenye abiria ingeutumia. Akifika anazima injini, anafungua mlango wa gereji na kwenda kulala.

Wasiowajua huwaita watu wazima wanaochezea midoli. Hapo wanakosea. Mchezo wa kompyuta unaununua leo na unaucheza leo. Hawa hujenga kwa miaka mitano, kumi, hata zaidi, na wengi wao wameshika bisibisi kwa saa nyingi kuliko walivyoshika usukani. Nimewafuatilia kwa muda, na ninavyowaona mimi, hiki ni chama cha mafundi kilichojificha ndani ya mapenzi ya ndege. Kuruka ni kisingizio. Kinachowaunganisha ni kazi ya mikono, na mila zao karibu zote zimeota kutokana na kazi hiyo.

Mzee wao wa kwanza ni Edwin Link, mtoto wa mwenye kiwanda cha piano na vinanda huko Binghamton, jimbo la New York. Mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa kutumia mivukuto na pampu za kiwanda cha baba yake, aliunda kijindege kifupi kilichoinama na kugeuka kila mwanafunzi aliposogeza usukani. Wateja wake wa mwanzo walikuwa viwanja vya burudani. Jeshi la Marekani halikumjali mpaka mwaka 1934, lilipopewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege na marubani wake wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine kwa kutojua kuruka mawinguni kwa kutegemea vipimo peke yake. Ndipo likanunua mashine sita. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, mamia ya maelfu ya wanahewa walikuwa wamepitia katika kisanduku hicho cha rangi ya buluu. Mjenzi wa leo hupenda kusimulia habari hii, na ninamwelewa: inathibitisha kwamba mashine ya kufundishia marubani ilizaliwa karakanani, kwa vipuri vya kazi nyingine.

Mzee wa pili ni Bruce Artwick, aliyetunga programu ya urubani ya kompyuta ndogo kama mwaka 1980. Microsoft ikaichukua na kuitoa kwa jina lake yenyewe mwaka 1982. Kwa takriban miaka ishirini, aliyewasha programu hiyo alijikuta kwenye njia ya kurukia namba 36 ya uwanja mdogo wa Meigs, Chicago, Ziwa Michigan likiwa kulia na maghorofa ya jiji mbele yake. Kizazi kizima kilijifunza kupaa hapo. Usiku wa Machi 30, 2003, Meya Richard M. Daley alituma matingatinga yakachimba alama kubwa za X katikati ya njia hiyo, na ndege 16 zikakwama uwanjani. Watu wa Ulaya na Australia ambao hawajawahi kukanyaga Chicago walijiona wamefiwa. Mpaka leo wapo wanaoutengeneza upya uwanja huo ndani ya kompyuta zao na kuupachika kwenye matoleo mapya yanayokuja bila huo uwanja.

Jamii hii ina koo mbili kubwa, ya Boeing na ya Airbus, na utani kati yao hauishi. Wa Boeing 737 ndio wanaoonekana zaidi. Ndege hiyo imeundwa kwa maelfu, vipuri vyake vipo sokoni, na chumba chake cha marubani kimejaa vitu vya kushika: usukani, swichi za kubinya na kuzungusha, magurudumu mawili yanayozunguka kwa kelele pembeni mwa mikono ya injini. Wa Airbus A320 hujibu kwamba wao wana kijiti cha pembeni na meza ya kulia chakula mbele yao, kwa hiyo wanaruka huku wakila. Ukitaka kuanzisha ubishi usiokwisha, uliza rangi sahihi ya kijivu cha paneli za Boeing. Utatajiwa namba, RAL 7011, kisha atatokea mtu mwenye kipande halisi mkononi na kusema namba hiyo haifanani nacho.

Ili kuelewa kiwango cha ukali wao, tazama kitu kimoja kidogo, swichi ya kuwashia injini ya 737 NG. Iko kwenye paneli ya juu ya kichwa. Rubani huizungusha hadi kwenye alama ya GRD na kuiachia, nayo inabaki palepale kwa sababu imeshikwa na sumaku ya umeme. Injini inaanza kuzunguka, mafuta yanaingia, na mzunguko ukifika asilimia 56 sumaku inaachia, swichi inaruka kurudi mahali pake: tak! Mjenzi angeweza kufunga swichi ya kawaida na kuirudisha kwa mkono, na hakuna ambaye angedhurika. Lakini mgeni wa fani akiingia, sikio lake linasubiri hiyo tak. Kwa hiyo mwenyeji hutafuta swichi halisi kutoka ndege iliyokatwakatwa, au huunda yake kwa springi, sumaku ndogo na kadi ya umeme, kisha huandika mistari ya programu ya kuiambia kompyuta ikate umeme kwenye sumaku wakati ule na si mwingine. Kazi ya wiki kadhaa kwa mlio wa sehemu ya sekunde.

Mkono wa flapsi za mabawa nao una vituo tisa, kuanzia 0 hadi 40, na una vizuizi ambavyo haupiti kabla hujauinua kidogo. Aliyeujenga bila vizuizi hivyo husifiwa kwa adabu tu.

Halafu kuna suala la kompyuta nyingi. Moja huchukua mzigo mkubwa wa kukokotoa mwendo wa ndege na kuchora dunia ya nje. Ya pili huchora vipimo vilivyo mbele ya rubani na msaidizi wake, vinavyoonekana kwenye skrini bapa zilizofichwa nyuma ya paneli zenye matundu. Nyingine hushughulikia sauti, redio na meza ya anayejifanya mwalimu. Zote zimeunganishwa kwa kebo za mtandao. Programu iliyofungua mlango huu kwa wengi ni WideFS ya Mwingereza Peter Dowson, iliyowezesha kompyuta za pembeni kusoma habari za ndege kutoka kompyuta kuu, na jina lake hutajwa kwa heshima anayopewa fundi aliyewatengenezea wenzake zana. Mashine haziwashwi ovyo. Kila nyumba ina utaratibu wake: mtandao kwanza, kompyuta kuu ifuate, vipimo baadaye, projekta mwisho. Ukivuruga utaratibu huo utapata mwinuko wa futi sifuri ukiwa juu ya milima ya Alpi.

Projekta ndizo zinazowatoa jasho. Tatu hurusha picha kwenye ukuta uliopinda karibu nusu duara. Picha ikigonga ukuta uliopinda hupinda nayo, upeo wa macho ukawa kama upinde, kwa hiyo programu maalumu huikunja kinyume ili ikifika ukutani inyooke. Pale picha mbili zinapokutana, kingo hufifishwa zilaliane bila mstari. Kazi hii hufanywa usiku, gizani, kwa uvumilivu mkubwa, na projekta ikisogea kidogo tu dunia inakatika vipande viwili. Ndiyo maana katika nyumba hizo mlango haubamizwi.

Vipuri vina maskani yake. Uwanja wa Cotswold huko Kemble, Uingereza, na Victorville katika jangwa la California ni mahali ndege kuukuu zinakokwenda kukatwa. Mjenzi anayefika huko hufurahia usukani uliochakaa kuliko mpya, kwa sababu palipong'aa ndipo viganja vya marubani viliposhika kwa miaka. Wengi hutafuta namba ya usajili wa ndege iliyotoa kipuri na kuiandika nyuma ya paneli. Kipuri chenye ukoo kina bei yake, na kuuziwa kitu bila kuambiwa kilikotoka ni kama kuuziwa shamba bila kuonyeshwa mipaka.

Kuna adabu ya kuuliza mtandaoni. Mgeni katika fani hatakiwi kuuliza "nianzeje?" na kukaa kusubiri. Atafute kwanza, ajaribu, aungue vidole, kisha alete picha ya alipokwama. Akifanya hivyo atajibiwa na mtu wa bara jingine ambaye hatamwona maishani, tena kwa mchoro wenye vipimo vya milimita, bure. Deni halilipwi kwa aliyekusaidia. Hulipwa kwa atakayekuja nyuma yako. Wanaouza michoro wapo na hawalaumiwi, ila anayechukua mchoro uliotolewa bure na kuuza kama wake huwa amejitoa mwenyewe.

Wengi hawaruki peke yao. Tangu mwaka 2001 mtandao wa VATSIM umewakutanisha marubani wa namna hii na waongoza ndege wa kujitolea, ambao nao wameketi nyumbani mbele ya picha ya rada. Umri wa chini kujiunga ni miaka 13. Hapa mila inageuka sheria: unasoma kanuni, unarudia maagizo ya mwongoza ndege neno kwa neno, na ukitangaza dharura naye akakuomba uiache kwa kuwa ana kazi nyingi, unaiacha au unakata mtandao. Kuigiza utekaji wa ndege ni marufuku kabisa. Mwiko huo una uzito wake. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Microsoft iliondoa majengo ya World Trade Center kwenye toleo lililokuwa tayari kutoka. Mwaka 2014 ndege ya Malaysia, MH370, ilipopotea, ilifahamika kwamba rubani wake, Zaharie Ahmad Shah, alikuwa na simyuleta aliyojijengea nyumbani, na wapelelezi wakaichunguza. Ripoti rasmi ya Malaysia ya Julai 2018 haikuweza kutamka sababu ya kupotea kwa ndege hiyo. Lakini kwa kitambo vyombo vya habari vilizungumzia gereji hizi kana kwamba ni mapango ya njama, na hilo liliwauma watu ambao kosa lao kubwa ni kelele za drili saa tano usiku.

Sikukuu wanazo. Ninayoipenda ni WorldFlight, iliyoanzia Australia: mwanzoni mwa Novemba timu huizunguka dunia kwa wiki moja ndani ya simyuleta zao, usiku na mchana, kwa zamu, wakipumzika kwenye magodoro yaliyotandikwa nyuma ya viti. Michango inayokusanywa na waanzilishi huenda kwa Royal Flying Doctor Service, madaktari wanaowafikia kwa ndege watu wa maeneo ya ndani ya Australia, kazi ambayo sisi tunaijua kwa AMREF. Baadhi huvaa mashati meupe yenye tepe begani. Wengine huwacheka kwa hilo, na mimi niko upande wa wanaocheka, ingawa sijaona anayecheka akitoa mchango mdogo kwa sababu ya tepe.

Kasoro zao hazijifichi. Karibu wote ni wanaume, wengi wamevuka makamo, na fedha inayotumika inaanzia dola elfu kadhaa hadi makumi ya maelfu. Mlango ulianza kupanuka tangu kadi za Arduino, printa za 3D na programu huru kama MobiFlight zilipopatikana, kwani leo mtu anaweza kuunganisha swichi zake kwa kadi ya bei ya chakula cha mchana. Kwa upande wa Afrika Mashariki, kikwazo ni umeme, nafasi na intaneti, kwa kuwa toleo la Microsoft la mwaka 2020 huvuta picha za dunia moja kwa moja kutoka mtandaoni. Ufundi wenyewe upo. Kijana wa Kariakoo au Luthuli Avenue anayefufua redio iliyokufa anajua tayari nusu ya kazi, na Mlima Kilimanjaro, ambao Wazungu hawa huuzunguka kwa furaha kabla ya kutua HTKJ, yaani uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, anaweza kuuona bila projekta.

Mjenzi akifariki huwa kuna tatizo ambalo ndoa nyingi hazikulifikiria: kitu kilichojengwa ndani ya gereji hakipiti mlangoni. Mara nyingi wenzake huja kukifungua kipande kwa kipande, hutafutia vipuri wanunuzi, na fedha humfikia mjane. Usukani uliotoka Kemble unahamia gereji nyingine na kufungwa kwenye mradi mwingine ambao nao haujakwisha. Saa zote alizoruka humo hazimo katika kitabu cha urubani cha mamlaka yoyote, na yeye alilijua hilo siku zote.

Ukialikwa kwenye gereji ya namna hii, nenda. Keti kiti cha kulia, usiguse kitu mpaka uambiwe, na injini zikiwashwa nyamaza usikilize ile tak. Iligharimu kiasi gani, usiulize mwenzi wake akiwapo.