Tairi la ranflati likipata pancha: uzibe au ununue jingine?

Leo naweka siasa pembeni kidogo, kuna jambo limetupata mimi na anko wangu, na nikiangalia hizi BMW Z4 na Mini za mtumba kutoka Japani zinazokatiza mitaani hapa Dar, naona haliwezi kuwa letu peke yetu.

Anko ana Z4 ya mwaka 2004, ile ya milango miwili na paa la kufunua. Kaiagiza, kaitoa bandarini, kaiendesha karibu mwaka mzima bila kujua kwamba haina spea tairi. Msicheke jamani. Nani anafunua kapeti la buti kabla hajapata pancha?

Siku hiyo alikuwa anarudi kutoka Morogoro. Kaipita Chalinze kidogo, kwenye dashibodi ikawaka taa nyekundu yenye alama ya tairi, na mlio juu yake. Akaegesha, akalizunguka gari, matairi yote manne yamesimama kama kawaida. Akajisemea hizi taa za magari ya kisasa zina wenge tu, akaondoka. Na hakuondoka taratibu, alikuwa anawahi kabla foleni ya Kimara haijakaza. Kufika Mlandizi, kama kilomita 40 na kitu mbele, gari likawa linavuta upande. Akasimama kwa kijana wa pancha pale barabarani. Kijana akaukuta msumari kwenye tairi la nyuma kushoto, akauchomoa, akachomeka kile kikamba cha mpira chenye gundi, akajaza upepo, akapaka mate kuangalia kama panavuja. "Tayari bosi, hili hata Mwanza unafika." Dakika 10 tu, anko huyo kaondoka anapiga mluzi.

Wiki iliyofuata tulikuwa wawili tunaelekea Bagamoyo. Tumeshaipita Bunju, spidi kama 90 hivi, nyuma nikasikia pu! Mlio wenyewe haukuwa wa bastola kama tairi la kawaida linapopasuka, ni kama mtu kapiga godoro kwa rungu. Gari likayumba kulia, likarudi kushoto, likaja kusimama kwenye changarawe hatua chache kabla ya meza ya mama anayechoma mahindi. Yule mama alikuwa na mtoto mgongoni. Hakuna aliyeumia, ila kwa dakika kadhaa hakuna aliyeongea pia. Tulipochungulia, ubavu wa tairi ulikuwa umechanika karibu mzunguko mzima, na kile kikamba cha Mlandizi kilikuwa bado kimekaa mahali pake, hakina tatizo lolote.

Hapo ndipo nikaanza kuuliza na kusoma. Nikisema tairi lilikuwa limekufa wiki nzima kabla ya siku ile, na sisi tunalipanda kila siku, mtaelewa mkisoma chini.

Tairi la kawaida linasimama kwa sababu ya upepo. Upepo ukiisha, ubavu unakunjika, rimu inakanyaga mpira, na ndani ya mita chache huna tairi. Ranflati imetengenezwa tofauti: mbavu zake zimeongezewa mpira mnene na mgumu kwa ndani, kiasi kwamba hata upepo ukiisha kabisa mbavu zenyewe zinabeba uzito wa gari. Kwa hiyo anko alipolizunguka gari pale Chalinze akaona "tairi zote ziko freshi", macho yake hayakumdanganya, matairi yalikuwa yamesimama kweli. Ila moja lilikuwa limesimama kwa miguu yake yenyewe, upepo umeshaondoka. Kwa tairi la namna hii usiamini jicho wala teke. Pima kwa geji.

Mbona magari ya michezo ndiyo yanawekewa sana? Nafasi na uzito. Kigari cha watu wawili kina buti la kubebea begi moja, spea ukaiweke wapi? Porsche 959 ya miaka ya 1980 ilikuwa na matairi ya aina hii kutoka Bridgestone, na Chevrolet Corvette iliyotoka mwaka 1997 ilikuja nayo kiwandani na ikaachana kabisa na spea. BMW wao wakayasambaza mpaka kwenye magari yao ya familia.

Sasa na ile taa. Kwenye Z4 ya umri huu hakuna kipimo cha upepo ndani ya tairi. Gari linatumia vihisi vilevile vya breki za ABS kuhesabu mizunguko ya kila gurudumu. Tairi lililopungukiwa upepo linakuwa dogo kidogo, kwa hiyo linazunguka haraka kuliko wenzake, na kompyuta inastuka. Ni akili nzuri, ila ina mapungufu mawili. Matairi yote manne yakipungua kwa pamoja taratibu, kompyuta haioni tofauti yoyote. Halafu kila unapojaza upepo au kubadilisha tairi inabidi uiambie gari ianze kujifunza upya. Kuna kitufe chenye alama ya tairi, magari mengine ni kwenye menyu, soma kitabu chake. Usipofanya hivyo taa itakupigia kelele za bure, na taa ikishakuzoesha kelele za bure, siku ya kweli utafanya kama anko.

Haya, taa imewaka, unafanyaje? Kipimo kinachotumiwa na wengi wa watengenezaji ni kilomita 80 kwa spidi isiyozidi 80, upepo ukiwa sifuri. Hicho ni kikomo. Ukiwa na mzigo, joto, au mashimo ya barabarani, hesabu inapungua. Maana kinacholiua hili tairi ni joto: ubavu unapinda na kunyooka kila mzunguko, unachemka, mpira unaanza kuachana na nyuzi zake kwa ndani. Anko hakufikisha hizo kilomita 80, kwa umbali alikuwa salama kabisa. Lakini alikuwa anakimbiza zaidi ya 100. Angejua, angeshuka mpaka 60 au 70, asifunge breki za ghafla, na sehemu ya kwanza yenye geji angesimama apime. Na angeandika namba ya kilomita zilizosomeka taa ilipowaka. Hiyo namba ina thamani kubwa, nitaeleza.

Swali lenyewe: inazibika au haizibiki?

Watengenezaji hawako kitu kimoja. Wapo wanaokataza kabisa kuziba ranflati, wapo wanaoruhusu kwa masharti, tena mara moja tu. Kwa hiyo angalia jina lililoandikwa ubavuni kisha usome msimamo wa mwenye jina hilo, usisikilize kijiwe. Kwa wanaoruhusu, masharti yanafanana. Tundu liwe katikati ya uso wa tairi, pale kwenye kashata panapokanyaga lami, lisiwe begani wala ubavuni. Lisizidi milimita 6. Na kubwa kuliko yote, tairi liwe halijatembea bila upepo, au likitembea iwe kidogo sana na taratibu. Ndiyo maana nikasema andika ile namba. Fundi makini atakuuliza: umetembea kilomita ngapi tangu taa iwake, na spidi gani? Kama hujui, au unajua na jibu lina aibu ndani yake, basi hilo ni la kubadilisha.

Na hata ukiwa na majibu mazuri, lazima tairi livuliwe kwenye rimu na kuangaliwa ndani. Hakuna njia ya mkato hapa wadau. La kwetu lilipofunguliwa, fundi alilimiminia sakafuni, likatoka vumbi jeusi kama pilipili manga iliyosagwa, viganja viwili vizima. Hilo vumbi ni mpira wa ndani wa ubavu uliojisaga wenyewe. Dalili nyingine ni mikunjo au mstari uliochubuka unaozunguka ubavu kwa ndani, au rangi ya mpira kugeuka kama imebabuka kwa moto. Ukiona kimojawapo, tairi limekwisha, hata kama kwa nje linang'aa na kashata zake zimejaa. Sasa kijana wa Mlandizi angeyaonaje hayo wakati alizibia kwa nje? Simlaumu sana, kafanya alichoombwa. Aliziba tundu, na tundu lilizibika. Ila tundu halikuwa ugonjwa tena.

Kuziba kwa haki kunafanyika hivi. Tairi linavuliwa, linakaguliwa, tundu linasafishwa, halafu kwa ndani kinapachikwa kiraka chenye mguu kama uyoga: ule mguu unajaza tundu lote, kichwa kinafunika sehemu ya ndani ili upepo usipenye. Vyote viwili vinahitajika. Kikamba cha nje peke yake kinaweza kuzuia upepo, lakini maji yanaweza kupenya pembeni yake mpaka kwenye nyaya za chuma na kuanzisha kutu. Kiraka peke yake nacho kinaacha tundu wazi chini yake. Kwa gari la kutembea 120 barabara kuu, kikamba kikufikishe kwa fundi basi, kisiwe tiba.

Kasheshe nyingine ni kulivua. Mbavu ngumu maana yake haliachii rimu kirahisi. Yale mapao na nyundo za kijiweni yataondoa kipande cha ukingo wa tairi, yatapinda rimu ya alumini, na kwa magari yenye kihisi cha upepo ndani ya gurudumu, kihisi nacho kwaheri. Inatakiwa mashine yenye mkono wa pembeni wa kusaidia kusukuma ubavu. Sisi tulizunguka gereji tatu kabla ya kuipata. Mmoja alituambia "sisi tunafanya kwa nguvu tu mkuu, hakijawahi kuharibika kitu" huku pembeni yake kuna rimu imekula meno. Tukaaga kwa heshima. Wadau mnaojua sehemu zenye hiyo mashine mikoani, wekeni hapo chini kwenye maoni, mtasaidia wengi.

Ukiamua kununua, soma herufi za ubavuni. Kila kampuni ina za kwake: Bridgestone wanaandika RFT, Michelin ZP, Continental SSR, Goodyear ROF. Kwa BMW utaona pia RSC ndani ya duara. Kama hakuna herufi yoyote ya aina hiyo, hata muuzaji aape kwa mama yake, hiyo siyo ranflati. Halafu angalia namba nne za mwisho mbele ya DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Linganisha na leo kisha ujadiliane bei. Na ununue mawili kwa ekseli moja, hasa nyuma kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, lisije tairi moja likawa jipya na mwenzake kipara.

Ranflati za mtumba mimi nasema hapana, na hapa sibembelezi. Tairi la kawaida la mtumba lililowahi kutembea bila upepo mara nyingi linaonekana kwa nje. Hili halionekani. Unanunua la mtu kama anko, aliyetoka Chalinze mpaka Mlandizi anakimbiza, na limepigwa kiwi linang'aa dukani.

Wapo wanaokata shauri kuhamia matairi ya kawaida. Inawezekana, na mgongo wako utashukuru maana ranflati ni ngumu, kila jiwe unalihesabu. Lakini ubadilishe yote manne, usichanganye. Na ujue hapo umeshajiondolea zile kilomita 80. Taa ikiwaka unapunguza na kusimama muda huohuo, kwa hiyo ndani ya buti kuwe na kipampu cha umeme na chupa ya dawa ya kuziba. Spea ya kubeba ni mtihani: Z4 zenye rimu za inchi 18 mara nyingi zina 225/40 mbele na 255/35 nyuma, moja haliwezi kusaidia kote. Na siku ukiuza gari, mwambie mnunuzi, asije akaendelea na safari akidhani mbavu zinambeba. Jambo dogo tena: baadhi ya haya magari hayana hata jeki, na nati za magurudumu zinaweza kuwa na moja inayofunguka kwa kichwa chake maalumu tu. Kakitafute leo kabla hujakihitaji usiku Mikumi.

Anko kanunua ranflati mbili mpya za nyuma, 225/45 za inchi 17, na geji ya mfukoni anayoipima kila Jumamosi mpaka majirani wameanza kumletea magari yao. Lile bovu fundi aliliomba akalikatie makatambuga. Tulimwachia, ila kwanza anko aliazima kisu akalipasua ubavu wa pili ili lisije likarudi barabarani. Ilimchukua muda. Ule mpira ni mnene kweli.