Kutapika Kupita Kiasi Wakati wa Ujauzito: Uuguzi na Ubora wa Maisha ya Mama

Kichefuchefu huwapata wajawazito wengi, na kwa kawaida hupungua mimba inapokua. Hata hivyo, wapo wachache, wasiozidi takribani 3 kati ya 100, ambao hutapika mara nyingi kutwa, hushindwa kula na kunywa, na hupungua uzito. Huo ni ugonjwa. Si deko, wala si dalili kwamba mama haitaki mimba yake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature umeangazia chanzo chake. Kondo la nyuma hutoa kwa wingi homoni iitwayo GDF15, ambayo huchochea sehemu ya ubongo inayoleta kichefuchefu. Mwanamke aliyekuwa na kiwango kidogo cha homoni hiyo kabla ya mimba huathirika zaidi, kwa kuwa mwili wake haukuizoea.

Mgonjwa anapofika kituoni, apimwe pia maradhi mengine yanayotapisha, kama vile malaria na maambukizi ya njia ya mkojo. Muuguzi humpima uzito, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, kisha huandika kiasi cha maji yanayoingia na mkojo unaotoka. Ketoni katika mkojo zisiwe kigezo pekee: mama asiye nazo aweza kuwa mgonjwa sana.

Dripu ya maji ya chumvi hurejesha maji mwilini, na potasiamu huongezwa kulingana na majibu ya damu. Aliyetapika kwa muda mrefu apewe vitamini B1, yaani thiamini, kabla ya dripu yenye glukosi. Glukosi ikitangulia, akiba ndogo ya thiamini huisha na ubongo hudhurika. Mgonjwa huchanganyikiwa, huyumba na macho yake huchezacheza. Dawa za kuzuia kutapika zitolewe kwa saa zake, bila kusubiri mama atapike tena. Zipo zilizotumiwa na wajawazito kwa miaka mingi na kuonekana salama.

Hata hivyo, kupungua kwa kutapika si kipimo pekee cha nafuu. Mama huyu huenda ameacha kazi, hawezi kuwapikia watoto wake, na huona haya kutema mate mbele za watu. Wengine hupatwa na sonona, na wapo wanaofikiria kuitoa mimba waliyoitamani. Kwa hiyo muuguzi amuulize: ni jambo gani linakusumbua zaidi leo? Kitanda kiwe mbali na harufu ya chakula, chombo cha kutemea kiwe karibu na kisafishwe mara kwa mara, na maji ya kusukutua yawepo. Ale kidogo kidogo chochote kinachokaa tumboni, hata kama si kile ambacho ndugu wangependa ale.

Nyumbani, mume, mama mkwe na mawifi wampunguzie kazi za jikoni na wasimlaumu. Arudishwe kituoni haraka iwapo hawezi kuhifadhi maji tumboni kwa siku nzima, mkojo umekuwa mchache na mweusi, anazimia, anatapika damu, ana homa, au anasema amechoka kuishi. Neno hilo la mwisho lipewe uzito uleule unaopewa damu.