URAFIKI WA JIKONI ULIODUMU MIAKA ARUBAINI

Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Askari anaujua ukweli wa usemi huo, kwa kuwa kazi yake yote imesimama juu ya kiapo. Lakini wahenga hao hao walituonya pia kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Ni nadra, basi, kusikia kwamba mtu amejenga nyumba katika ardhi ya mwenzake bila hati yoyote, na mambo yakaisha kwa heshima. Jambo hilo lilitokea Ufaransa, na chanzo chake kilikuwa chakula.

Julia Child, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1912, alitumikia OSS, idara ya ujasusi ya nchi yake wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1944 alipelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na baadaye China. Katika utumishi huo alikutana na Paul Child, wakaoana mwaka 1946. Miaka miwili baadaye Paul alipewa kazi mjini Paris. Wakiwa njiani kutoka bandari ya Le Havre, walisimama Rouen kula samaki wa siagi. Mlo huo ulimfungulia Julia mlango wa maisha mapya; mwaka 1949 aliingia shule ya upishi ya Cordon Bleu.

Huko Paris alikutana na Simone Beck, aliyeitwa Simca, mzaliwa wa Normandy, nchi ya siagi na matofaa. Wakishirikiana na Louisette Bertholle, walifundisha upishi na kuandika kitabu. Paul alihamishwa Marseille, kisha Ujerumani, Washington na Norway; lakini barua za mapishi hazikukoma, na kila pishi lilijaribiwa tena na tena. Kitabu kilitoka mwaka 1961.

Isidhaniwe kwamba hawakugombana. Walibishana vikali juu ya cassoulet, maharage meupe yapikwayo polepole pamoja na nyama. Simca alishikilia kwamba bila bata bukini aliyehifadhiwa kwa mafuta yake, hicho si chakula cha Kifaransa. Julia alijibu kwamba mpishi wa Marekani atampata wapi bata huyo? Hatimaye kitabu kikatoa pishi la nyama ya nguruwe na kondoo.

Simca na mumewe, Jean Fischbacher, walikuwa na shamba katika kijiji cha Plascassier, vilimani karibu na Grasse, kusini mwa Ufaransa. Shamba liliitwa Bramafam, yaani kilio cha njaa. Katika miaka ya 1960 walikubaliana na akina Child kwamba wajenge hapo nyumba ndogo kwa fedha zao, waitumie kadiri watakavyohitaji, kisha irudi kwa ukoo wa Fischbacher. Hapakuwa na mkataba wa maandishi. Walipeana mikono tu. Nyumba ikaitwa La Pitchoune, yaani kadogo, na meza za jikoni zikainuliwa kumfaa Julia, mwanamke mrefu kupita kiasi.

Kitabu chao cha pili kilitoka mwaka 1970. Baada ya hapo hawakuandika tena pamoja, lakini ujirani wao wa Plascassier uliendelea.

Simca alifariki Desemba 1991. Paul alikuwa mgonjwa, na Julia aliona kwamba haja ya nyumba imekwisha. Mwaka 1992 aliirudisha kwa ukoo wenye shamba, kama walivyoahidiana. Julia mwenyewe alifariki mwaka 2004.

Ndugu askari, sisi tunaokula chungu kimoja kambini na safarini tunayo mengi ya kujifunza hapa. Wenzetu hao walibishana juu ya chungu, wasivunje urafiki. Wakapeana neno, wasilikane. Mwenzako akikuazima kitu bila kukuandikisha, mrudishie kabla hajakuuliza.