Kimondo Kikimulika Usiku, Usikimbilie Dirishani

Mwanga mkali unapopasua anga usiku hadi vivuli vya miti vikaonekana, wengi hudhani ndege imeanguka au transfoma imelipuka. Huenda ni kimondo, yaani jiwe kutoka anga za juu linaloingia kwenye angahewa kwa kasi ya zaidi ya kilomita 11 kwa sekunde. Hewa iliyo mbele yake hugandamizwa, hupata joto kali, na jiwe huwaka na kuyeyuka. Nyota haijaanguka.

Cha kuchunga zaidi ni kinachofuata mwanga. Sauti husafiri takriban kilomita 20 kwa dakika, na vimondo vikubwa hupasuka makumi ya kilomita juu ya ardhi. Kishindo chaweza kuchelewa dakika moja, mbili au zaidi, wakati watu wamejazana madirishani kuchungulia. Hayo yalitokea Chelyabinsk, nchini Urusi, asubuhi ya Februari 15, 2013. Jiwe lenye upana wa karibu mita 20 lilipasuka angani, na watu wapatao 1,500 wakatafuta matibabu, wengi wao wakiwa wamekatwa na vioo. Kimondo cha ukubwa huo ni nadra sana, lakini anayeona mwanga tu hawezi kujua ukubwa wake. Wakazi wanashauriwa kukaa mbali na vioo kwa dakika kadhaa na kuwaondoa watoto dirishani.

Kenya si ngeni kwa mambo haya. Julai 16, 2011, mawe ya kimondo yalianguka eneo la Thika, tena mchana. Si kila kinachoanguka ni jiwe, hata hivyo. Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye uzito wa takriban kilo 500 ilianguka kijijini Mukuku, Kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Mabaki ya roketi huwaka angani polepole zaidi, pengine kwa dakika nzima, ilhali kimondo hupita kwa sekunde chache.

Chuma kama hicho kisiguswe wala kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu, kwani huenda kina kemikali zenye sumu. Zuia watoto na mifugo, kisha umjulishe chifu, naibu wa chifu au kituo cha polisi kilicho karibu, au upige 999 au 112. Taja saa, upande mwanga ulikotoka na ulikoelekea, na sekunde zilizopita kabla ya kishindo.