Chumba cha bei nzuri jijini: hesabu ya mfanyabiashara wa Kibaha na Kisarawe

Mfanyabiashara wa Kibaha au Kisarawe anayefuata bidhaa Kariakoo hupiga hesabu ya bei ya kununulia, nauli na ushuru kabla hajatoka nyumbani. Gharama ya kulala, hata hivyo, mara nyingi huamuliwa usiku huohuo mbele ya meza ya mapokezi, mtu akiwa amechoka na mzigo ukiwa mkononi. Huo ni wakati mbaya wa kufanya biashara yoyote.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwa mfano mdogo. Tuseme mwenye duka ana mauzo ya Sh. milioni 2 kwa mwezi na faida yake ni asilimia 15, yaani Sh. 300,000. Akilala jijini usiku nne kwa mwezi kwa Sh. 40,000 kila usiku, Sh. 160,000 zimekwenda. Zaidi ya nusu ya faida imelala gesti. Kwa mtaji wa kiasi hicho, tofauti ya chumba kizuri na kibaya inaweza kuwa tofauti ya duka kukua au kufungwa.

Mahali pazuri ni wapi?

Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, ipo kilomita zipatazo 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro. Mji wa Kisarawe upo kilomita zipatazo 30, na njia yake hupitia Pugu, Gongo la Mboto, Ukonga na uwanja wa ndege hadi Tazara. Kwa ramani, miji yote miwili iko karibu na jiji. Kwa saa, inategemea umeondoka wakati gani.

Kwa hiyo hoteli iliyo mahali pazuri si lazima iwe ile iliyo katikati ya jiji. Ni ile iliyo karibu na shughuli iliyokuleta. Anayenunua vitambaa au vyombo Kariakoo anahitaji kufika dukani kwa miguu asubuhi. Anayesubiri basi la mkoani la alfajiri anahitaji kuwa karibu na kituo. Mwenye shughuli bandarini au katika ofisi za Posta atafaidika zaidi akilala upande huo.

Aidha, mahali pazuri huhama. Mwezi Februari 2021 kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilizinduliwa Mbezi Luis kwa jina la Magufuli, kikachukua kazi ya kile cha Ubungo. Gesti iliyokuwa ikitegemea abiria wa alfajiri wa Ubungo ililazimika kutafuta mteja mwingine, na Kibaha ikajikuta jirani zaidi na kituo kuliko ilivyokuwa awali. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza Mei 2016 kati ya Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco nayo yalibadilisha hesabu ya mtu wa Kibaha, kwa kuwa aliyelala Kimara anaweza kufika mjini bila kukaa kwenye foleni pamoja na daladala.

Lipo pia swali la kulala kwenyewe. Tangu Oktoba 2023 mabasi ya mikoani yameruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya katazo lililoanza miaka ya 1990. Treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, ikafika Dodoma Julai 25 mwaka huohuo. Vituo vya Pugu, upande wa Kisarawe, na Soga, wilayani Kibaha, viko katika njia hiyo. Mnunuzi aliyelazimika kulala sasa anaweza kumaliza shughuli na kuondoka. Chumba cha bei nafuu kuliko vyote ni kile ambacho hukukihitaji.

Bei ya kitanda na bei ya usiku

Pale inapobidi kulala, kosa la kawaida ni kulinganisha bei zilizobandikwa ukutani peke yake. Bei hiyo ni ya kitanda. Gharama ya usiku mzima ni bei hiyo pamoja na usafiri, chakula, ulinzi wa mzigo na muda.

Chukua mfano wa mwenye duka wa Kibaha ambaye duka lake humpa faida ya Sh. 4,000 kwa saa likiwa wazi. Ana njia mbili. Ya kwanza ni chumba cha Sh. 40,000 Kariakoo, pamoja na kifungua kinywa, anakotembea kwa miguu. Ya pili ni chumba cha Sh. 22,000 nje ya mji. Katika njia ya pili ataongeza nauli za kwenda na kurudi Sh. 4,000, bodaboda ya kubeba mzigo Sh. 6,000, chai na vitafunwa Sh. 3,000, na saa mbili na nusu za foleni zinazomchelewesha kufungua duka, yaani Sh. 10,000. Jumla ni Sh. 45,000. Chumba kilichoonekana cha bei ya chini kimemzidi kile cha mjini kwa Sh. 5,000.

Lakini hesabu hiyo hugeuka. Akiwa hana mzigo, na akisafiri baada ya msongamano kupungua, bodaboda inaondoka na muda unaopotea unabaki saa moja na nusu, sawa na Sh. 6,000. Gharama yote inakuwa Sh. 35,000, na chumba cha nje ya mji kinashinda. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Kila mmoja aweke za kwake. Kanuni ndiyo isiyobadilika: mwenye mzigo alipie ukaribu, asiye na mzigo alipie umbali.

Kwa nini bei hushuka usiku

Mnunuzi atapata bei nzuri zaidi akielewa mwenye hoteli anavyopiga hesabu zake. Nyanya ambayo haikuuzwa leo inaweza kuuzwa kesho kwa hasara. Chumba ambacho hakikulaliwa usiku huu hakiuziki tena kabisa. Gharama kubwa za hoteli, yaani jengo, mkopo, mishahara na leseni, zipo hata vyumba vikiwa vitupu. Gharama ya kumpokea mgeni mmoja zaidi ni ndogo: maji, umeme, sabuni na kufua mashuka.

Tuseme gharama hiyo ndogo ni Sh. 6,000 na bei iliyobandikwa ni Sh. 40,000. Ikifika saa 3 usiku na vyumba vitano viko wazi, mgeni anayetoa Sh. 30,000 anamwachia mwenye hoteli Sh. 24,000 ambazo asingezipata. Ndiyo maana mapokezi hulegeza bei. Ila mbinu hii ina hatari yake, kwani siku hoteli imejaa, aliyesubiri usiku atalipa chochote atakachoambiwa. Wakati wa Maonesho ya Sabasaba, yanayoanza mwishoni mwa Juni na kuendelea Julai, si wakati wa kubahatisha.

Njia ya uhakika zaidi ni kuuza uaminifu wako. Wafanyabiashara watatu wa Kisarawe wanaokuja mjini kila Jumanne ni usiku 12 au zaidi kwa mwezi. Wakienda kwa meneja pamoja na kuahidi usiku huo kwa bei moja maalumu, wanampa kitu anachokihitaji: mapato anayoweza kuyategemea katikati ya wiki. Makubaliano hayo yaandikwe, pamoja na jina la aliyeyatoa.

Mambo ya kuuliza kabla ya kulipa

Kwanza, ulizia kama bei imejumlisha kodi. Kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni asilimia 18. Chumba cha Sh. 60,000 chenye VAT ndani ni Sh. 50,847 za hoteli na Sh. 9,153 za kodi. Kama ni Sh. 60,000 kabla ya VAT, utalipa Sh. 70,800.

Pili, ulizia sarafu. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani kupangwa au kudaiwa kwa fedha za kigeni, isipokuwa katika maeneo machache yaliyotajwa. Mgeni wa ndani ana haki ya kuambiwa bei kwa shilingi.

Tatu, dai risiti ya mashine ya EFD. Mfanyabiashara anayetayarisha mahesabu anaweza kuondoa gharama ya malazi katika faida inayotozwa kodi pale tu malazi hayo yalipohusu biashara, na mkaguzi ataomba ushahidi. Anayekadiriwa kodi kwa mauzo hapati nafuu hiyo, kwa hiyo kwake kila shilingi ya chumba hutoka moja kwa moja mfukoni.

Nne, uliza mzigo utakaa wapi, nani ana ufunguo, na kama utaandikwa. Tano, uliza saa ya kuondoka. Hoteli inayotaka chumba saa 4 asubuhi haikufai kama manunuzi yako huisha saa 8 mchana, isipokuwa ikikubali kukutunzia mzigo bure. Mwisho, ona chumba kwanza: maji yanatoka, mlango unafungika, feni inazunguka, chandarua hakina matundu, na njia ya kutokea wakati wa moto haikufungwa kwa kufuli.

Kwa wenye kutaka kuwekeza

Mwekezaji mdogo anayefikiria kujenga gesti Maili Moja, Mlandizi au Kisarawe mjini asiangalie bei ya chumba peke yake. Aangalie pato kwa kila chumba kilichopo. Gesti ya vyumba 12 kwa Sh. 25,000 inayojaza vyumba 7 kwa wastani hupata Sh. 175,000 kwa usiku, sawa na Sh. 14,583 kwa kila chumba. Jirani anayetoza Sh. 35,000 na kujaza vyumba 4 hupata Sh. 140,000, sawa na Sh. 11,667. Mwenye bei ya chini ndiye anayefanya vizuri zaidi, mradi gharama za wageni wale watatu wa ziada zisimeze tofauti hiyo ya Sh. 35,000.

Kibaha ina wateja wasiotegemea Kariakoo: watumishi wanaofuata ofisi za mkoa, ndugu wa wagonjwa wa hospitali ya Tumbi, wageni wa Shirika la Elimu Kibaha, na shughuli za bandari kavu ya Kwala iliyozinduliwa Julai 2025. Mteja wa namna hii huja mvua inyeshe au jua liwake. Gesti inayotegemea wapita njia peke yao iko hatarini siku njia inapobadilika, kama ilivyotokea Ubungo.

Katikati ya jiji mambo ni tofauti. Hoteli ya New Africa imesimama mahali palipokuwa na hoteli ya Kaiserhof enzi za Wajerumani. Hoteli ya Kilimanjaro, iliyofunguliwa 1965, imepita katika mikono ya Serikali, Kempinski na baadaye Hyatt. Majina yamebadilika, lakini kiwanja kimoja kinatazama bandari na kingine kiko katikati ya ofisi, na wateja wameendelea kuja. Ndiyo sababu mwenye kulala huko hulipia ardhi kabla hajalipia shuka.

Kwa msomaji ambaye hajengi bali analala tu, ushauri ni kuweka daftari dogo kwa mwezi mmoja. Kila usiku wa safari aandike bei ya chumba, usafiri, chakula, na saa aliyofungua duka kesho yake. Mwisho wa mwezi ajumlishe. Safari ya mwezi unaofuata aamue kwa daftari hilo, akiwa bado nyumbani.